MJADALA: Voyager inakaribia siku nzima ya mwanga, Goba bado tunasubiri maji. Tanzania tuingie angani au tutulie?

Mtu wa Goba:
Wadau, salaam. Naomba tujadiliane kwa hoja, matusi yabaki mlangoni.

Juzi saa saba usiku nilikuwa uani na ndoo nne nangojea maji ya mgao. Kijana wangu wa kidato cha pili akatoka na simu mkononi, akaanza kunisomea. Kile chombo cha Wamarekani, Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977, ikifika Novemba 2026 kitakuwa umbali ambao mwanga wenyewe unatumia saa 24 kuumaliza. Kilomita kama bilioni 26. Wakati mwanga wa jua, hili hili linalotuchoma Kariakoo, unatufikia kwa dakika nane na ushee. Kisha akaniuliza, "Baba, sisi tutarusha lini?" Bomba likakoroma, likatoa upepo. Sikumjibu.

Wakenya wana Taifa-1 tangu Aprili 2023. Waganda walirusha kasetilaiti kao 2022, Wanyarwanda 2019. Swali langu: kodi zetu ziende huko, au kwanza tumalize madawati na vyoo vya shule? Msimamo wangu ni tutulie. Mwenye ndoo tupu ahesabu nyota za nini?

Halafu hao hao wenye Voyager waliiwekea sahani ya santuri, ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu za lugha 55 kwa yeyote wa angani atakayeikuta. Kiswahili hakimo. Hawakutuhesabu, sisi tunawakimbilia wa nini?

Konda Mstaafu:
Nimekaa nimepiga hesabu nyuma ya risiti. Basi la Mwanza, mwendo wa 80 kama sheria inavyotaka, bila kusimama Singida kula, bila mizani, bila abiria wa kuchimba dawa: kilomita bilioni 26 ni miaka 37,000. Na bado kuna mtu wa siti ya nyuma angekuwa ananiuliza kila saa, "konda, tumefika wapi?"

Binti Mafia:
Mtu wa Goba, kaka yangu, nakuheshimu ila umekosea tangu kwenye swali. Anga siyo mapambo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kinakuja, mama yangu yuko Kilindoni. Tahadhari zilitoka mapema, boti za Unguja zikasimama, wavuvi wakavuta ngalawa zao mpaka chini ya minazi. Mimi niko Temeke, simu sikioni usiku kucha. Paa la jikoni lilikwenda, mama akabaki. Sasa niambie, kimbunga kikiwa bado katikati ya bahari huko, nani alikiona? Mvuvi? Setilaiti ndizo zilizokiona, na ni za watu. Siku wenyewe wakisema hatugawi picha, tutamwangalia nani? Na usiniambie ni bei ya matajiri tu. Wahindi walitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi Agosti 2023 kwa dola kama milioni 75, na wao masikini wanao.

Mwalimu Kiswahili:
Ngoja, ngoja. Mleta mada, hapo mwisho umesema Kiswahili hakimo kwenye sahani ya Voyager. Umehakikisha, au ni yale ya kuokota kijiweni? Lugha yenye siku yake ya dunia, 7 Julai, UNESCO wameipitisha, isiwemo?

Mtu wa Goba:
Mwalimu, UNESCO wamepitisha 2021. Sahani iliondoka 1977. Orodha iko wazi, kijana kanisomea zote. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kisotho kimo. Kiila cha Zambia kimo, ambacho mimi ndiyo kwanza nakisikia. Kisumeri na Kiakadi zimo, lugha ambazo wenyewe walishakufa zama za kale. Marehemu wamesalimia, sisi tulio hai hatumo.

Mtoto wa Tandale:
Marehemu wamesalimia! Hahahaaa, nimeshindwa.

Mwalimu Kiswahili:
Hakuna cha kucheka. Mwaka 1977 BBC walikuwa wanatangaza kwa Kiswahili mwaka wa ishirini. Kamati ya Carl Sagan, mtaalamu wa nyota aliyesimamia sahani ile, ilirekodi salamu nyingi pale chuoni Cornell, kwenye watu wa kila taifa. Hivi kweli walikosa hata mwanafunzi mmoja wa kusema "hamjambo"? Hii ni dharau, na dharau huwa haina bahati mbaya.

Mtoto wa Tandale:
Mswahili alikuwepo, mwalimu. Walimpigia simu akasema "niko njiani, nimefika Ubungo." Roketi ikamwacha.

Mkenya wa Kilifi:
Nyinyi Wabongo mnalia nini? Kiswahili kilifika angani kabla ya hiyo Voyager. Tarehe 12 Desemba 1970 kuna satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini kaskazini ya Malindi. Ikaitwa Uhuru, kwa sababu ilikuwa siku yetu ya uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta eksirei zinazotoka angani, na ikaorodhesha vyanzo zaidi ya 300. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, akapewa Nobel 2002. Wataalamu dunia nzima wanaiita "Uhuru" mpaka leo, bila kutafsiri. Kwa hivyo salamu zilishatangulia, na zilitoka Pwani ya Kenya.

Mwalimu Kiswahili:
Kwanza, ni setilaiti. Pili, Uhuru ni jina, siyo salamu. Ukimwita mbuzi wako Karibu, haina maana mbuzi anapokea wageni. Tatu, chombo cha Wamarekani, jukwaa la Waitaliano. Ninyi mlitoa bahari.

Mkenya wa Kilifi:
Bahari si kitu kidogo, mwalimu. Walikuja kwa sababu tuko karibu na ikweta, hapo dunia inazunguka kwa kasi kuliko kwingine, roketi inapata msukumo wa bure. Na nyinyi mlitoa nini? Kwenye hiyo sahani kuna picha zaidi ya mia. Yenye harufu ya Tanzania naijua moja: Jane Goodall, yule mtafiti wa Gombe, na sokwe. Hao ndio wawakilishi wenu.

Mtoto wa Tandale:
Yaani sokwe wa Kigoma katoka nje ya mfumo wa jua, mimi viza ya Ulaya nimenyimwa mara mbili.

Konda Mstaafu:
Mkenya wa Kilifi usitambe sana. Anga nayo imewarudishia zenu. Desemba 2024 si liliwaangukia pete la chuma la roketi kule Makueni, kilo 500? Kijijini watu wanakula sikukuu, wanasikia kishindo.

Mkenya wa Kilifi:
Lilianguka kwetu kwa sababu linatujua.

Mha wa Ujiji:
Naomba nimjibu Mtoto wa Tandale. Nimezaliwa Ujiji, nimekuja Dar 2009. Tangu siku hiyo kila daladala, kila msiba, kila ofisi, mtu akitaka kucheka anachukua Kigoma. Uchawi, Kigoma. Unaomba kitambulisho, "wewe siyo Mrundi kweli?" Sasa mnaongelea mambo ya nyota, mambo makubwa, na huko nako mmemkuta sokwe mkamkumbuka mtu wa Kigoma. Mna shida gani na sisi?

Mtoto wa Tandale:
Kaka, samahani, mimi nilisema sokwe. Sikusema watu.

Mha wa Ujiji:
Ndicho hicho ninachokisema.

Konda Mstaafu:
Mha, tulia mkuu. Sokwe wenu kakaa kwenye dhahabu. Mimi Msukuma sina hata mkia wa ng'ombe huko.

Mnyiha wa Vwawa:
Nyie mnagombania kwenda angani, sisi Mbozi anga ilikuja yenyewe. Kimondo kipo, urefu kama mita tatu, kinakadiriwa tani 16, chuma na nikeli. Nilikigusa nikiwa darasa la nne. Asubuhi ya Juni kina baridi ya kuuma mkono, na kina vishimo vishimo kama uji uliochemka ukaganda. Mwalimu wetu akatuambia kitu hiki kina umri kuliko milima yote mnayoiona. Tukakaa kimya, halafu mmoja akauliza kama tunaweza kukaa juu yake kupiga picha. Watu wa Dar wanakwenda Dubai, Mbozi hawajafika.

Fundi Msimbazi:
Nimesoma kuanzia juu, nataka nirudi kwa mleta mada. Mimi ni fundi simu, nina meza Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Hiyo Voyager siijui kwa mambo ya nyota, naijua kwa ufundi.

Novemba 2023 ilianza kuleta data isiyosomeka, takataka tupu. Sasa sikilizeni. Mteja akiniletea simu iliyoingia maji, naifungua, naipuliza, naiweka chini ya lenzi, nagusa na ncha za mita mpaka nione wapi pamekufa. Wale hawana pa kushika. Chombo kiko kilomita bilioni 24. Wanatuma amri, inafika baada ya saa 22 na nusu, na jibu nalo linarudi saa 22 na nusu. Wakagundua kuna chipu moja ya kumbukumbu imekufa, na kuibadilisha haiwezekani. Unajua walifanya nini? Ile programu iliyokaa kwenye chipu mbovu wakaikatakata vipande, kila kipande wakakitafutia upenyo kwenye kumbukumbu iliyobaki, kisha wakarekebisha ili vipande vijuane. Na kumbukumbu yenyewe yote ni kama kilobaiti 70, picha moja ya wasapu haienei. Redio yake inatoa wati kama 23. Aprili 2024 ikaanza kuongea vizuri. Kitu cha 1977!

Mimi siku nilipoisoma hiyo nilifunga meza mapema, nikaenda kunywa soda peke yangu. Mleta mada anauliza pesa iende wapi. Iende kwenye kumfundisha mtoto wa Kitanzania ufundi wa namna ile. Roketi baadaye.

Dada wa Ilala:
Fundi Msimbazi, kumbe ndiye wewe wa Aggrey? Simu yangu uliniambia "njoo kesho" tangu Jumatatu iliyopita.

Fundi Msimbazi:
Dada, kioo hakijafika.

Dada wa Ilala:
Wenzako wametengeneza kitu kilichoko bilioni 24. Mimi niko Ilala Boma.

Mzee wa Kisarawe:
Vijana hamjambo. Nina miaka 74, haya mambo mnayaongea kama yameanza na Mmarekani. Sisi Kisarawe tulilima kwa Kilimia, lile kundi la nyota. Mama yangu alikuwa anatoka alfajiri anaangalia juu kabla hajawasha moto. Walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sasa nikija kwa mwanangu Sinza naangalia juu, naona nyota sita. Taa zimezila zote.

Kidato cha Sita:
Shikamoo mzee. Hicho Kilimia, mwanga unaouona leo uliondoka huko miaka kama 440 iliyopita. Wareno walikuwa hawajaanza kujenga Fort Jesus ya Mombasa, walianza 1593. Tena Kilimia ni majirani, hawa ni wa mtaa wetu. Na nyota ya karibu kabisa baada ya jua, Proxima Centauri, ni miaka 4.2 ya mwanga. Voyager kwa mwendo wake, kilomita 17 kwa sekunde moja, ingetumia zaidi ya miaka 70,000 kufika. Na wala haielekei huko.

Mzee wa Kisarawe:
Marahaba mwanangu. Kwa hiyo mama yangu alikuwa anaangalia mambo ya zamani za Mreno ndiyo anapanda mahindi.

Mama Mitumba:
Mzee shikamoo. Nyota Dar zipo, ngoja umeme ukatike. Mimi nauza mitumba Karume. Mwaka jana kwenye belo la mabegi nilikuta darubini ya macho mawili, jicho moja lina ukungu. Usiku ule umeme ukakatika Buguruni nzima. Nikapanda juu kwenye tangi la maji, nikaegemeza viwiko kwenye mfuniko ili mikono isitetemeke. Kuna nyota ilikuwa inawaka sana upande wa mashariki. Nikaiangalia, kumbe ni duara, halafu pembeni yake vidoti vinne vimejipanga mstari, vitatu huku, kimoja kule. Nikadhani uchafu wa lenzi. Nikaifuta na kanga. Vipo. Kesho yake usiku vimebadilisha nafasi, viwili huku viwili kule. Mwanangu akaniambia hiyo ni sayari ya Mshtarii, yaani Jupita, na miezi yake, na Galileo aliiona vile vile Januari 1610. Nilishuka kwenye tangi magoti yananitetemeka. Siyo kwa baridi.

Mwalimu Kiswahili:
Mmeona lakini? Mzee kaingia, vijana wote wameshika adabu, shikamoo imetoka. Ndiyo salamu iliyopaswa kuwa kwenye sahani ile. Ningepewa nafasi mimi ningesema neno moja tu: shikamooni.

Dada wa Ilala:
Mwalimu hapo umechemka. Shikamoo si ndiyo "nashika miguu yako", salamu ya mtumwa kwa bwana wake? Twende mpaka kwenye nyota tukajishushe? Na kama hawana miguu?

Mwalimu Kiswahili:
Hiyo habari ya mtumwa mmeikariri mitandaoni. Salamu inakua na watu wake. Mama yako ukimsalimia shikamoo anajiona bibi mwenye watumwa?

Dada wa Ilala:
Mama yangu muache. Umekosa hoja unaingia nyumbani kwa watu.

Mzee wa Kisarawe:
Binti, usikasirike. Mimi nimeitikia marahaba miaka mingi, sijapata mtumwa hata wa kunichotea maji.

Kidato cha Sita:
Kwa hesabu shikamoo inaweza kuwa sahihi. Ulimwengu una miaka bilioni 13.8, dunia yetu bilioni 4.5. Kama wapo, uwezekano mkubwa ni kwamba wao ndio wakubwa.

Mtoto wa Tandale:
Na kama ni wadogo? Unampa shikamoo mtoto, anakuitikia marahaba kwa sauti nyembamba. Aibu ya dunia nzima.

Mtu wa Goba:
Nimerudi, nilikuwa kazini. Kijana kanionyesha kwenye ile sahani kuna salamu ya Kichina cha Amoy. Anasema: marafiki wa angani, hamjambo? Mmeshakula? Mkipata nafasi njooni mtutembelee.

Ami wa Mkunazini:
Basi huyo ndiye Mswahili wenu, mnahangaika nini? Kawauliza hali, kawauliza chakula, kawakaribisha. Kiswahili kimo, kasemea Mchina.

Ila nyie watu wa Dar nyote mmeruka jambo. Mnabishana shikamoo, hujambo, na mtu bado yuko nje ya mlango. Kwanza ni hodi. Hakuna mstaarabu anayeingia uani kwa watu na salamu. Hodi, unasubiri. Hodi, unasubiri. Hodi ya tatu usipojibiwa, unageuka unakwenda zako, huchungulii dirishani.

Kidato cha Sita:
Ami, umenigusa. Enrico Fermi, yule mwanafizikia, mwaka 1950 alikuwa mezani anakula na wenzake, akauliza: sasa watu wote wako wapi? Mpaka leo wanabishana. Nyota za galaksi yetu peke yake ni zaidi ya bilioni 100, na kimya.

Ami wa Mkunazini:
Mbona rahisi. Wamo ndani, hawataki wageni.

Fundi Msimbazi:
Na ile darubini ya James Webb, iliyorushwa Krismasi 2021, dola bilioni 10, hiyo si ndiyo kuchungulia dirishani?

Ami wa Mkunazini:
Ndiyo hiyo. Tena kwa gharama.

Binti Mafia:
Jamani. Niliandika kuhusu Hidaya, kuhusu nani atatuonyesha kimbunga kijacho. Mmejadili sokwe, mbuzi aitwaye Karibu na miguu ya watu wa angani. Hakuna hata mmoja aliyenijibu.

Mtoto wa Tandale:
Dada, subiri kidogo, tumalize shikamoo.

Mtu wa Goba:
Binti Mafia, nakujibu mimi. Sikusema tusitabiri hali ya hewa. Nilichosema ni kwamba roketi siyo kipaumbele.

Binti Mafia:
Hukusema roketi. Panda juu usome, umesema "tutulie". Roketi umeiokota njiani baada ya Fundi kuandika. Na Taifa-1 ya Kenya haikupanda kwa roketi ya Wakenya, walilipia nafasi kwenye ya SpaceX, kama unavyolipa mzigo kwenye basi la Konda. Unakataa kitu ambacho hakuna aliyekuomba.

Mtu wa Goba:
Sawa, niseme setilaiti. Setilaiti siyo kipaumbele ukilinganisha na maji.

Binti Mafia:
Na mvua inayojaza mto wa hayo maji, utaijuaje?

Mkenya wa Kilifi:
Satelaiti.

Mwalimu Kiswahili:
SETILAITI.

Mha wa Ujiji:
Mimi bado nasubiri radhi ya maana kutoka kwa Mtoto wa Tandale.

Mtu wa Goba:
Mama Mitumba, ile darubini ipo bado? Naulizia tu.

Mama Mitumba:
Ipo. Elfu 45.

Mtu wa Goba:
Si umesema jicho moja lina ukungu?

Mama Mitumba:
Ndiyo maana siyo elfu 90.